Dondoo muhimu: Wakikukisia kabila lako

Katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, jina au lafudhi humfanya mtu apachikwe kabila kabla hajajieleza. Msuba huitwa Mjaluo. Mkuria huulizwa alivuka lini kutoka Tanzania. Ufanyeje?

• Pima nia. Anayeuliza kwa kutojua, mjibu kwa kifupi: "Mimi ni Msuba wa Mfangano, ila nimelelewa kwa Kijaluo."

• Toa mfano. Mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga, alikuwa wa asili ya Wasuba. Wakuria nao wako pande zote mbili za mpaka, Isebania upande wa Kenya na Sirari upande wa Tanzania.

• Akikosea mzee, tanguliza salamu, kisha msahihishe kwa upole.

• Usijitetee kwa kudunisha kabila jingine.

• Ukinyimwa huduma kwa sababu ya kabila, taja Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, kinachokataza ubaguzi. Andika tarehe na ofisi, kisha ulalamike kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa.

• Swali la kuchokoza si lazima ulijibu.

Nawe pia, uliza kwanza kabla ya kukisia.