LAGA, MBUZI NA MASWALI MATANO

Kwetu ni Kulamawe, Isiolo, ambako mawe hayaliwi ila yanafundisha.

Likizo ya Aprili mbuzi wetu saba walipotea. Nyayo zao ziliingia laga, yaani mto usio na maji mpaka mvua inyeshe. Ukipanda laga, kila ukienda kidogo inagawanyika mara mbili, na kila tawi linafanana na laga mama, ila ni dogo. Umbo la namna hii huitwa fraktali, jina alilolitunga mwanahisabati Benoit Mandelbrot mwaka 1975.

Huko juu wingu lilikuwa jeusi, na maji ya laga hayabishi hodi. Mbele yetu kulikuwa na panda tano: 2 x 2 x 2 x 2 x 2, basi ncha 32 za kutafuta! Nikataka kukimbia ovyo. Mjomba akanishika mkono: "Pole pole, mpwa wangu. Kwanza uulize mchanga."

Kumbe hiyo ndiyo hesabu ya Mmarekani Claude Shannon ya mwaka 1948! Yeye alipima habari kwa biti. Biti moja ni jibu la swali moja la ndiyo au la, ikiwa majibu yote mawili yana uzito sawa. Kiasi cha kutojua kwetu ndicho entropia. Tulianza na biti 5. Kila panda yenye nyayo ikapunguza 1. Panda ya nne upepo ulikuwa umefuta kila kitu. Lakini Mjomba alijua kwamba mara tatu kati ya nne mbuzi hufuata kivuli. Hapo entropia si 1 tena, ni kama 0.81. Tukafuata kivuli.

Je, laga yenyewe ilikuaje? Kanuni ni fupi: panapopita maji mengi huchimbika zaidi, na panapochimbika huvuta maji mengi zaidi. Lakini jiwe moja likiyasukuma maji kushoto, tawi zima linahama. Kanuni inaandikika kwa sentensi moja; bahati ya kila jiwe haifupishiki, sharti uiandike yote. Ndiyo sababu laga zote zinafanana, lakini hakuna mbili zilizo sawa.

Mbuzi sita tuliwapata. Wa saba, maji yalituwahi.

Wenzangu, hesabu si ya ubaoni tu. Siku nyingine ni ya kuokoa mbuzi.