Kusoma Faili ya Sauti kwa Mafungu: Mchango Wake katika Uhifadhi wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi arejeapo kutoka nyanjani huwa amebeba ngano, nyimbo na mahojiano yaliyohifadhiwa katika faili za sauti. Hutokea faili mojawapo ikakataa kufunguka, au ikafunguka na kuonyesha muda wa sekunde sifuri, ilhali tarakilishi inashuhudia kwamba ina mamilioni ya baiti. Mtafiti asiyejua muundo wake huifuta, na pengine fanani aliyerekodiwa hayupo tena duniani. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika hali kama hiyo huenda kilichokosekana si sauti bali ni nambari mbili tu, na kwamba anayefahamu jinsi faili inavyosomwa aweza kuzirejesha. Mfano unaotumika ni faili ya WAV na lugha ya programu iitwayo Python.

Dhana ya fungu

Faili ya sauti ni mfululizo wa baiti, yaani nambari za kuanzia 0 hadi 255. Nambari hizo hazina maana mpaka ijulikane zipi zinaeleza nini. Mwaka 1985, Jerry Morrison wa kampuni ya Electronic Arts aliandaa muundo wa IFF, unaoigawa faili katika mafungu. Mwaka 1991, Microsoft na IBM zilitoa muundo wa RIFF uliofuata wazo hilo, na huo ndio msingi wa WAV.

Kila fungu la RIFF lina sehemu tatu: jina la herufi nne, urefu unaoandikwa kwa baiti nne, na yaliyomo. Urefu ukiwa nambari witiri, huongezwa baiti moja ya kujazia ambayo haihesabiwi katika urefu huo.

Mwanaisimu atalinganisha jambo hili na uchanganuzi wa mofimu. Katika neno "aliyenipigia", msikilizaji hujua kila kiambishi kinapoishia kwa sababu ana umilisi wa lugha. Neno lenyewe halitaji urefu wa viambishi vyake. Tarakilishi haina umilisi huo. Kwa hiyo, faili hulazimika kutangaza jina na urefu wa kila fungu kabla ya kulitoa.

Faili ya WAV huanza kwa herufi RIFF, kisha ukubwa wa faili ukiondoa baiti 8 za mwanzo, kisha herufi WAVE. Hufuata fungu la "fmt ", ambalo jina lake hukamilishwa kwa nafasi tupu ili litimize herufi nne. Fungu hili hueleza idadi ya mikondo ya sauti, idadi ya sampuli kwa sekunde na idadi ya biti kwa kila sampuli. Sauti yenyewe hukaa katika fungu la "data".

Mpangilio wa baiti

Katika WAV, baiti yenye thamani ndogo hutangulia. Sampuli 44,100 kwa sekunde huandikwa 68, 172, 0, 0, kwa maana 68 + (172 × 256) = 44,100. Anayezisoma kwa kuanzia upande wa pili atapata 1,152,122,880. IFF, kinyume chake, hutanguliza baiti yenye thamani kubwa. Mwaka 1980, Danny Cohen aliupa mvutano huu majina aliyoyatoa katika riwaya ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, ambamo watu wanapigania upande unaofaa kupasulia yai.

Programu ya kusoma

import struct

with open("ngano.wav", "rb") as faili:
    riff, ukubwa, aina = struct.unpack("<4sI4s", faili.read(12))
    while True:
        kichwa = faili.read(8)
        if len(kichwa) < 8:
            break
        jina, urefu = struct.unpack("<4sI", kichwa)
        print(jina, urefu)
        faili.seek(urefu + urefu % 2, 1)

Alama "rb" huagiza faili isomwe kama baiti wala si kama matini. Alama "<" hueleza kwamba baiti ndogo ndiyo ya kwanza. "4s" ni herufi nne, na "I" ni nambari ya baiti nne isiyo hasi. Mstari wa mwisho ndio kiini cha somo: programu huruka yaliyomo, pamoja na baiti ya kujazia ikiwapo, na kulifikia fungu linalofuata.

Ikumbukwe kwamba faili sahili ya WAV ina baiti 44 kabla ya sauti, na wapo waandishi wa programu wanaoruka baiti hizo 44 pasipo kuuliza. Baadhi ya vinasa sauti huweka fungu la "LIST" au la "bext", lenye maelezo ya rekodi, kabla ya "data". Programu ya pupa itayasoma maelezo hayo kana kwamba ni sauti. Kanuni bora ni kulisoma jina, kuusoma urefu, na kuliruka fungu lisilojulikana.

Kuiokoa rekodi

Vinasa sauti vingi huandika urefu kamili pale rekodi inapofungwa. Betri ikizimika kabla ya hapo, urefu wa "data" huweza kubaki 0. Programu iliyotolewa hapo juu itaidhihirisha ila hiyo: itataja "data" yenye urefu 0, kisha itaanza kutoa majina yasiyoeleweka, kwa kuwa inaisoma sauti kama vichwa vya mafungu.

Tuseme faili sahili ina baiti 52,920,044. Ukiondoa 44, urefu wa "data" ni 52,920,000. Ukiondoa 8, ukubwa wa RIFF ni 52,920,036. Nambari ya kwanza huandikwa kuanzia nafasi ya 40, na ya pili kuanzia nafasi ya 4, nafasi zikihesabiwa kutoka sifuri. Kwa mkondo mmoja wa biti 16 na sampuli 44,100, kila sekunde huchukua baiti 88,200. Hivyo, hizo ni dakika 10 kamili za masimulizi. Kazi hii ifanywe katika nakala, kamwe si katika faili asilia. Aidha, baiti ambazo hazikuwahi kuandikwa katika kadi haziwezi kurejeshwa.

Hitimisho

Mwaka 2024, toleo la 3.13 la Python liliondoa moduli iliyokuwa ikisoma mafungu ya aina hii, ingawa moduli ya WAV ilibaki. Zana huja na kuondoka, lakini muundo uliotangazwa ndani ya faili hubaki humo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeufahamu atakuwa mhifadhi bora wa sauti alizokabidhiwa, na hataifuta ngano ya mzee kwa sababu ya nambari mbili zilizokosekana.