SOMO LA KIKUNDI: Amepata 49. Je, ameanguka kweli?



Vikundi vingi tunavyotembelea vimewahi kuchangia karo ya kijana anayesomea uwakili. Wengine husomea papa hapa, maana Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha sheria mwaka 1994 na shule yake ya sheria iko Eldoret. Siku ya digrii mbuzi anachinjwa, na watu wanadhani kazi imekwisha. Bado. Mwenye digrii ya sheria si wakili. Lazima aende Shule ya Sheria ya Kenya kule Karen, Nairobi, apite mitihani yake, tena afanye kazi miezi 6 chini ya wakili mzoefu. Ndipo anaapishwa.

Mitihani hiyo ndiyo inaleta maneno. Magazeti yameandika mara nyingi kwamba watahiniwa wengi wameanguka. Kijana wetu akiwa mmoja wao, nyumbani tunasikia: "Huyu alikuwa anakula pesa zetu tu." Kabla hatujasema hivyo, tujifunze jinsi mitihani hii inavyosahihishwa, na alama ya kupita inatoka wapi.

1. Mtihani una sehemu gani?

Masomo ni 9. Baadhi yake yanatugusa sisi moja kwa moja: uuzaji na uhamisho wa mashamba, mirathi ya marehemu, kesi za madai, kesi za jinai, na maadili ya wakili. Mtihani wa kuandika uko chini ya Baraza la Elimu ya Sheria, ambalo lina sheria yake ya mwaka 2012.

Kila somo lina alama 100, zimegawanywa hivi:
- kazi ya mradi: 20
- mtihani wa kujibu kwa mdomo: 20
- mtihani wa kuandika: 60

Alama ya kupita ni 50 kwa kila somo. Alama za masomo 9 hazichanganywi kama mboga katika sufuria moja. Ukipata 80 katika mirathi na 49 katika mashamba, ile 80 haiwezi kuikopesha 49 hata alama moja.

Tupige hesabu. Mwanafunzi wa kwanza amepata 14 kwa mradi, 12 kwa mdomo, na 24 kwa kuandika. Jumla ni 50, amepita. Wa pili amepata 10, 9 na 30. Jumla ni 49, ameanguka. Lakini tazameni vizuri: huyu wa pili ndiye aliyeandika vizuri zaidi. Alizopoteza alizipoteza mapema, kwa mradi na kwa mdomo. Kwa hivyo kijana akiwa bado shuleni, msimuulize tu, "Mtihani ni lini?" Muulizeni pia, "Mradi wako umefika wapi?"

2. Mahindi na alama 50

Sisi wakulima tunaijua alama ya kupita. Ukipeleka mahindi kwenye depo ya Bodi ya Nafaka, unyevu usizidi asilimia 13.5. Hawaulizi mahindi ya jirani yako yakoje. Yote yakiwa makavu, yote yanapokelewa. Yote yakiwa mabichi, yote yanarudi nyumbani. Alama 50 ni hivyo hivyo. Mwanafunzi hashindani na mwenzake kama watoto wanaogombea nafasi chache za shule kubwa. Anashindana na mstari.

Na mstari una sababu. Mahindi mabichi huoza ghalani. Wakili asiyejua kazi anaweza kukupotezea shamba, au kuacha kesi ya mirathi ikapitwa na wakati. Anayelindwa na mstari huu ni wewe mwananchi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Asilimia 13.5 ni ile ile mwaka huu na mwaka ujao. Karatasi ya mtihani hubadilika kila mara. Mwaka mmoja maswali ni magumu, mwaka mwingine ni mepesi, na 50 imesimama pale pale. Kwa hivyo 49 ya karatasi ngumu yaweza kuwa na ujuzi mwingi kuliko 52 ya karatasi nyepesi.

Wengine wamejaribu kutatua jambo hili. Uingereza ilianza mtihani mpya wa mawakili mwaka 2021. Katika sehemu yake ya kwanza, mawakili wenye ujuzi hupitia maswali na kujiuliza: mtu anayetosha tu kuanza kazi, angeweza kulijibu hili? Majibu yao yanasaidia kuweka mstari, na karatasi ikiwa ngumu mstari unashuka kidogo. Marekani nako majimbo mengi hutumia mtihani mmoja wenye alama 400, lakini kila jimbo linaweka mstari wake, kati ya 260 na 270. Mtu wa 265 anapita jimbo moja na kuanguka jimbo la jirani, na kichwa chake ni kile kile! Mnaona basi kwamba mstari unawekwa na watu.

3. Mkono wa msahihishaji

Swali la insha si hesabu ya moja jumlisha moja. Wasahihishaji wawili waaminifu wanaweza kusoma jibu moja, huyu akatoa 11, yule 13. Mwongozo wa kusahihisha hupunguza tofauti hiyo, lakini hauimalizi. Ndiyo sababu mtahiniwa anaruhusiwa kuomba karatasi isahihishwe upya, kwa ada. Korti nazo husema kazi yao si kutoa alama. Wao huangalia kama utaratibu ulifuatwa kwa haki.

4. Kikundi kifanye nini?

- Msikubali neno "ameanguka" peke yake. Mwombeni awaonyeshe alama za kila somo. Aliyepita 8 na kukosa 1 anarudia hilo 1.
- Akiwa na 48 au 49, aulize upesi juu ya kusahihishiwa upya, kabla siku hazijapita.
- Mnapopanga harambee, wekeni akiba kidogo ya kurudia mtihani.
- Akiwa na 20 au 25, hapo kweli mwongee naye kama wazazi: anasomaje, anaishije, shida iko wapi?

Maswali ya kujadiliana

1. Kikundi chetu kina mistari gani? Kwa mfano, mwanachama aliyekosa mikutano mitatu kunyimwa mkopo. Nani aliiweka, na kwa sababu gani?
2. Aliyekosa mstari kwa kidogo ana njia ya kuomba kusikilizwa tena?
3. Je, kuna kijana wetu tuliyemhukumu bila kuona alama zake? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?