Garimoshi Lililobeba Akiba Yake

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Katika makala haya nataka nikueleze jinsi garimoshi dogo la bustanini linavyokwenda bila kupewa umeme na reli. Wako wenzetu wanaodai ati mambo ya umeme hayaelezeki kwa Kiswahili. Haya, tuone.

Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuuza magarimoshi madogo ya LGB, yanayoweza kutandikiwa reli nje ya nyumba. Reli zake mbili zimeachana milimita 45, na kipimo chake ni 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, utapata milimita 1,012.5, yaani kama mita 1. Huo ndio upana wa reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901.

Kwa kawaida umeme wake hupita relini: reli moja chanya, nyingine hasi, na magurudumu huufikisha kwenye mota. Sebuleni hakuna taabu. Bustanini kuna umande, matope na majani. Uchafu ukiingia kati ya gurudumu na reli, umeme hukatika, garimoshi hukwama papo hapo. Tena njia ikizunguka kitanzi ikajirudia yenyewe, chanya hukutana na hasi na kupiga shoti, ila fundi awe amekitenga kipande hicho.

Dawa ni nini? Ni kuweka betri ndani ya injini au katika behewa linaloifuata. Rimoti iliyo mkononi hutuma amri kwa mawimbi ya redio. Kipokezi ndani ya garimoshi huzipokea, kisha kidhibiti mwendo huipimia mota umeme wake. Reli sasa ni njia tu. Hata ikichafuka kidogo, safari haikatiki. Magarimoshi mawili pia huweza kutumia njia moja, kila moja na mwendo wake. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mjini New York mashua ndogo yenye betri, iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio.

Lakini kizuri hakikosi kasoro. Akiba huisha, kwa hivyo lazima ihesabiwe. Tuseme tuna seli 4 za lithiamu, kila moja ya volti 3.7 na ampea-saa 2.6. Tukiziunga kwa mfuatano, chanya ya hii kwa hasi ya ile, tunapata volti 14.8. Je, ampea-saa nazo? Wengi huzidisha kwa 4. La hasha! Zinabaki 2.6 zile zile, kwa sababu mkondo mmoja ndio unaopita katika seli zote.

Mota ikila ampea 1.3, gawanya 2.6 kwa 1.3: ni saa 2. Ukiongeza mabehewa au mlima, ikala ampea 2, ni saa 1 na dakika 18 tu. Usisahau fyuzi, na tumia chaja ya betri hizo peke yake, maana lithiamu ikipigwa shoti yaweza kuwaka moto.

Zoezi lako: mota ikila ampea 0.65, garimoshi litakwenda saa ngapi? Piga hesabu, kisha umweleze rafiki yako jibu na sababu yake, kwa Kiswahili.