Nemesis na Erinyes: Kisasi cha Miungu kwa Wagiriki wa Kale, na Swali la Kukipa Jina kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akitafuta neno Nemesis katika kamusi ya Kifaransa au ya Kiingereza, ataambiwa kwa kifupi kwamba ni mungu wa kike wa kisasi. Akitafuta Erinyes, ataambiwa tena kwamba ni miungu wa kike wa kisasi. Kamusi haijasema uongo, lakini imefunika tofauti kubwa. Wagiriki wa kale walikuwa na majina mawili kwa sababu walikuwa na mambo mawili ya kuyataja. La kwanza ni adhabu inayomfikia mtu aliyevuka kipimo chake. La pili ni deni la damu ambalo halifi hata mdai akiwa kaburini.

Makala hii ina shabaha mbili. Kwanza, tutaonyesha jinsi dhana hizo mbili zilivyopewa nafsi, yaani zilivyogeuzwa kuwa watu wa kimungu wenye wazazi, mavazi, makao na ibada. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili huita mbinu hiyo tashihisi. Pili, tutauliza ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kubeba dhana hizo. Swali hili linamhusu kila mfasiri, kwa sababu tukiwaita wote "Kisasi", tamthilia kubwa kabisa ya Wagiriki kuhusu jambo hili haitaeleweka tena.

2. Nemesis: kutoka hisia hadi mungu

Neno nemesis linatokana na kitenzi nemein, kugawa, hasa kumpa kila mtu fungu linalomstahili. Katika shina lake hakuna damu wala hasira. Kuna mgao.

Kwa Homer, nemesis bado ni nomino ya kawaida. Ni uchungu anaousikia mtu mwadilifu anapoona jambo lisilostahili. Katika Iliad, wazee wa Troy wanapomwona Helen akipanda ukutani, wanasema kwamba si nemesis kwa majeshi mawili kuteseka miaka mingi kwa ajili ya mwanamke kama yule. Maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kuwalaumu. Mtu anaona nemesis dhidi ya mwenzake, naye anaogopa nemesis ya wenzake. Ni jicho la jamii.

Hesiod anatupeleka hatua nyingine. Katika Theogony, Nemesis ni binti wa Nyx, yaani Usiku, na anatajwa kama pigo kwa wanadamu. Katika Works and Days, mshairi huyo huyo anamweka pamoja na Aidos, ambaye jina lake tunaweza kulitafsiri kama Haya au Soni. Anatabiri kwamba wawili hao watajifunika mavazi meupe, wataiacha dunia na kupanda Olympus, na binadamu watabaki bila kinga dhidi ya uovu. Kuwaunganisha hivyo kuna maana: Haya humzuia mtu kutoka ndani, Nemesis humzuia kutoka nje. Jamii inayokosa vyote viwili haina kitu cha kumzuia mwenye nguvu.

Hapa mwanafunzi wa lugha anapaswa kutua kidogo. Maandishi ya Kigiriki ya wakati ule hayakutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwa hiyo msomaji wa kale hakuonyeshwa na mwandiko kama nemesis ni mungu au ni hisia tu. Wahariri wa leo ndio wanaoamua kwa kuandika N kubwa au n ndogo. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri aamue zaidi, kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Tukisema "lawama imeondoka", tunazungumza juu ya jambo. Tukisema "Lawama ameondoka", tunazungumza juu ya mtu. Kiambishi kimoja kinatosha kumzaa mungu. Kigiriki kiliweza kubaki katikati, bali Kiswahili hakiwezi.

3. Kiburi na kipimo

Kazi ya Nemesis inaonekana vizuri katika kisa cha Croesus, mfalme wa Lydia, kama Herodotus anavyokisimulia katika kitabu chake cha kwanza. Croesus alimwonyesha Solon wa Athens hazina zake, akitarajia kuitwa mtu mwenye heri kuliko wote. Solon alikataa. Baada ya Solon kuondoka, asema Herodotus, nemesis kubwa kutoka kwa mungu ilimshika Croesus kwa sababu alijiona mwenye heri kuliko watu wote. Mwanawe Atys aliuawa kwa mkuki katika mawindo ya nguruwe mwitu. Aliyerusha mkuki huo alikuwa Adrastus, mgeni ambaye Croesus mwenyewe alikuwa amemtakasa na kumpa hifadhi. Jina la mgeni huyo linakaribiana na Adrasteia, "asiyekimbika", ambalo ni jina jingine la Nemesis.

Tuangalie vizuri: Croesus hapa hakuadhibiwa kwa kumuua mtu au kumwibia mtu. Hakuna mdai. Kosa lake ni kujipa fungu lisilo la binadamu. Wazee wetu husema mpanda ngazi hushuka. Nemesis ndiye anayesimama chini ya ngazi hiyo.

Mahali pake pa ibada palipojulikana zaidi palikuwa Rhamnous, katika jimbo la Attica, kaskazini ya Marathon. Hekalu lake lilijengwa katika karne ya 5 K.K. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., anaeleza kwamba Waajemi walipotua Marathon mwaka 490 K.K. walikuja na bonge la marumaru ya Paros ili wachonge alama ya ushindi wao, wakiwa na hakika kwamba Athens imekwisha. Walishindwa, na marumaru hiyo ikachongwa sanamu ya Nemesis. Iwe ni historia au ni hadithi ya wenyeji, kisa hicho kinafundisha somo la mungu huyo: jiwe la majivuno limekuwa uso wa yule anayeyaadhibu.

Pausanias anaongeza jambo ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita. Mungu huyo alishika tawi la mtofaa kwa mkono wa kushoto na bakuli kwa mkono wa kulia, na juu ya bakuli hilo walichorwa Aithiopes, jina ambalo Wagiriki waliwaita nalo watu weusi wa kusini. Pausanias anakiri kwamba hakuelewa kwa nini wako pale.

Baadaye wasanii walimpa Nemesis mabawa, gurudumu na kijiti cha kupimia chenye urefu wa dhiraa moja. Vyombo hivyo vinasema wazi alivyofahamika. Dhiraa ni ya kupima, gurudumu ni la kugeuza aliye juu awe chini. Upanga si alama yake ya msingi.

4. Erinyes: damu inayodai

Erinyes ni habari nyingine kabisa. Ni wa zamani sana: jina lao kwa umoja, Erinys, linapatikana tayari katika vibao vya udongo vya Knossos vilivyoandikwa kwa mwandiko unaoitwa Linear B, karne nyingi kabla ya Homer. Kwa mujibu wa Theogony, walizaliwa kutokana na matone ya damu ya Ouranos, yaliyoanguka juu ya Dunia pale Kronos alipomkata baba yake sehemu za siri. Basi asili yao ni jeraha ambalo mtoto alimtia mzazi. Hawakuzaliwa kwa ndoa, walizaliwa kwa kosa.

Kazi yao inafuata asili hiyo. Wanalinda viapo, wanalinda haki za wazazi, wanafuatilia damu iliyomwagwa ndani ya ukoo. Katika Iliad, Althaia anapiga ardhi kwa mikono akimlaani mwanawe Meleager aliyemuua ndugu yake, na Erinys anamsikia kutoka gizani mwa Erebos. Waandishi wa baadaye waliwahesabu kuwa watatu: Alekto, asiyekoma, Megaira, mwenye kinyongo, na Tisiphone, mlipiza mauaji. Tukiyasoma majina hayo kwa pamoja, tunapata maelezo kamili ya kisasi: hakikomi, kinakula moyo, na kinataka damu kwa damu.

Hata hivyo, tusiwafanye kuwa mashetani. Mwanafalsafa Heraclitus alisema kwamba hata jua likivuka vipimo vyake, Erinyes, watumishi wa Haki, watalikamata. Wao ni walinzi wa mpaka. Ubaya wao ni mmoja tu: hawajui kusamehe, wala hawasikilizi sababu.

5. Kisasi mbele ya mahakama

Aeschylus, ambaye wasomaji wa Kifaransa wanamjua kama Eschyle, alionyesha Oresteia jukwaani Athens mwaka 458 K.K. Ni tamthilia tatu zinazofuatana. Agamemnon alimtoa binti yake Iphigeneia sadaka ili jeshi lisafiri. Mkewe Klytaimnestra alimuua kwa sababu hiyo, ingawa si hiyo peke yake. Mwana wao Orestes alimuua mama yake kwa amri ya Apollo. Wauaji hawa husema wanatenda haki, na kila haki inazaa maiti mpya.

Katika tamthilia ya tatu, Eumenides, Erinyes wenyewe ndio kwaya. Mzimu wa Klytaimnestra unawaamsha usingizini Delphi na kuwakemea kwa uzembe. Wanapoulizwa kwa nini hawakumfuata Klytaimnestra alipomuua mumewe, wanajibu kwamba mume hakuwa damu yake. Jibu hilo linaonyesha mipaka ya sheria yao: damu inajua damu tu. Ndoa, ahadi kati ya watu wasio ndugu, haimo katika hesabu yao.

Athena hamtetei Orestes kwa nguvu wala hawafukuzi Erinyes. Anaunda baraza la waamuzi juu ya kilima cha Areopagus. Kura zinakuwa sawa kwa sawa, naye Athena akiwa upande wa Orestes. Kura zikilingana, mshtakiwa huachiliwa. Matokeo hayo yana mafunzo. Orestes hakutangazwa kuwa hana doa. Kilichotokea ni kwamba mnyororo umekatwa, na umekatwa na watu wasio wa ukoo wake.

Watazamaji wa 458 K.K. hawakuona hadithi ya kale tu. Miaka michache kabla, mageuzi ya Ephialtes yalikuwa yamelinyang'anya baraza la Areopagus sehemu kubwa ya mamlaka yake ya kisiasa, likabaki hasa na kesi za mauaji. Ephialtes mwenyewe aliuawa. Mji uliokaribia kuingia katika visasi vya makundi uliambiwa jukwaani mahakama hiyo ilitoka wapi na kwa nini inahitajika.

Na walioshindwa je? Hapo ndipo busara ya Aeschylus ilipo. Erinyes wanatishia kuitia sumu nchi. Athena anawabembeleza, anawapa makao chini ya kilima na heshima katika ndoa na uzazi. Anaonya pia kwamba hofu isiondolewe yote katika mji. Mahakama isiyoogopwa na mtu, na isiyomsikiliza aliyepoteza ndugu, itawarudisha Erinyes barabarani.

6. Jina jema kwa mwenye kutisha

Wagiriki waliogopa kumtaja Erinys kwa jina lake. Waliwaita Eumenides, "wenye nia njema", au Semnai, "waheshimiwa". Hiyo ni tafsida, kama ile iliyofanya Bahari Nyeusi, bahari ya dhoruba, iitwe Euxeinos, "yenye ukarimu kwa wageni". Lakini kwa Aeschylus, jina jema linakuwa pia ahadi: ukimwita mwenye hisani na kumpa mahali pa heshima, huenda akawa hivyo kweli.

Miaka 50 baadaye mambo yalibadilika. Katika Orestes ya Euripides, ya mwaka 408 K.K., mhusika mkuu ni mgonjwa kitandani. Yeye peke yake anawaona Erinyes. Akiulizwa ugonjwa wake ni nini, anajibu: synesis, yaani kujua kwamba ametenda mambo ya kutisha. Mlipiza kisasi ameingia ndani ya kifua, amekuwa dhamiri. Njia hiyo inafika hadi Les Mouches ya Jean-Paul Sartre, iliyochezwa Paris mwaka 1943 chini ya utawala wa Wajerumani. Humo Erinyes ni nzi wanaolishwa na majuto ya mji mzima, na Orestes anakataa kujuta.

7. Tuwaiteje kwa Kiswahili?

Warumi walikutana na tatizo letu kabla yetu. Erinyes waliwaita Furiae, kutokana na kitenzi cha kuwa na wazimu wa hasira. Deni likapotea, hasira ikabaki. Kuhusu Nemesis, Pliny Mzee alibainisha kwamba mungu huyo hakupata jina la Kilatini hata pale Capitolium.

Neno letu kisasi lina historia yake. Limetoka katika Kiarabu qisas, malipo yaliyo sawa na kosa. Silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, ndiyo maana tunasema visasi, kama kitabu na vitabu. Kisasi kinahitaji pande mbili: aliyetendewa na aliyetenda. Kwa hiyo kinawafaa Erinyes, hakimfai Nemesis, ambaye hana mteja aliyejeruhiwa.

Tunapendekeza yafuatayo. Erinyes waitwe Wadai-damu, kwa kuwa kitenzi kudai kinabeba deni, mdai na usumbufu wake pamoja. Eumenides waitwe Wenye Hisani, ili mabadiliko ya jina yasikike. Nemesis abaki na jina lake, aelezwe kama Mgawa-stahili, na upatanisho uwe wa mtu kila anapotenda kama mtu. Pale neno linapokuwa hisia tu, kama kwa Homer, "lawama" inatosha.

8. Hitimisho

Msomaji akutanapo na adhabu ya kimungu katika matini ya Kigiriki, ajiulize maswali matatu: nani anadai? Kosa ni la damu au la kipimo? Nani ana uwezo wa kusimamisha malipo? Kwa Nemesis hakuna mdai, na dawa ni kujua fungu lako mapema. Kwa Erinyes mdai yupo, ana haki, na hawezi kunyamazishwa kwa nguvu. Anaweza tu kupewa mahali pa kusikilizwa. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha majivuno ya Croesus na msiba wa Orestes, na mfasiri akiipoteza katika neno moja, mahakama ya Athena itabaki bila kazi.