Simu darasani: inaunganisha au inatenganisha?
Fundisho la mwalimu mmoja wa Himbi, Goma



Ninafundisha darasa la sita katika mtaa wa Himbi. Wanafunzi wangu wengine walizaliwa hapa karibu na ziwa Kivu. Wengine walikuja na wazazi wao kutoka Masisi na Rutshuru wakikimbia vita. Vifaa vyetu ni ubao, chaki, redio ndogo na simu yangu. Nataka kuwashirikisha yale niliyojifunza, pamoja na kosa langu.

1. Kosa langu
Nilianza kutuma kazi za nyumbani kwenye simu za wazazi, nikaona ni maendeleo. Siku moja watoto watano walikuja bila kazi. Niliwakaripia mbele ya wenzao. Mmoja akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mama aliuza simu tupate unga." Nilikosa la kujibu. Wote watano walikuwa watoto wa familia zilizohama. Kifaa nilichokiita msaada kilikuwa kimegawa darasa langu katika makundi mawili. Niliwaomba msamaha. Tangu siku hiyo kazi yote inaandikwa ubaoni kwanza. Simu ni nyongeza tu.

2. Chombo hubeba sauti ya anayekishika
Sisi watu wa Goma tunalijua jambo hili. Redio ya RTLM ilianzishwa Rwanda mwaka 1993, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya Watutsi. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Lakini redio pia ilitusaidia. Radio Okapi ilianza nchini kwetu tarehe 25 Februari 2002, na mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, ilipitisha masomo kwa watoto waliokaa nyumbani. Redio ni ileile. Tofauti ni neno linalowekwa ndani yake. Simu nayo ni hivyo hivyo, ila hapa kila mmoja wetu ni mtangazaji.

3. Somo la maswali manne
Niliandika ubaoni ujumbe nilioutunga mwenyewe: "Nyiragongo imewaka tena, Himbi yote iondoke leo! Tuma kwa wote." Kisha tukauliza:
- Nani amesema?
- Amesema lini?
- Anazungumzia wapi hasa?
- Nikiutuma, nani ataumia?

Tukalinganisha na tangazo la kweli. Mlima ulilipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei gavana wa jimbo aliamuru watu wahame, akataja mitaa kumi kwa majina. Himbi haikuwemo. Watoto waliona mara moja: tangazo lina jina, tarehe na mahali. Uvumi una haraka tu.

Halafu nikaandika ujumbe wa pili: "Wanaotoka kule ndio wanaoleta shida." Darasa likanyamaza. Watoto kadhaa wakamtazama mwenzao aliyekuja kutoka Masisi. Tulipofika swali la nne, msichana mmoja wa Himbi akasema: "Ataumia huyu ninayekaa naye." Hakuna aliyeongeza neno. Niliona somo limeingia.

4. Tunaloweza kufanya
Mzazi mwenye simu amsomee jirani asiye nayo. Kiongozi akipata habari ya hatari, aulize watu wawili wa kuaminika kabla ya kuipitisha. Mwalimu asimpime mtoto kwa kifaa ambacho nyumbani kwao hakipo. Na sisi sote, tukipokea ujumbe unaolaumu kabila au wageni, tuuzime hapo hapo kwetu. Moto wa neno hauna daraja la kuuvuka.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi
1. Je, kuna ujumbe ulioupitisha kisha ukajua ni uongo? Ulirekebisha namna gani?
2. Katika mtaa wenu, ni nani anayekosa habari kwa sababu hana simu wala redio?
3. Mtoto wako akisikia maneno mabaya juu ya jirani, humwuliza nani?

Tukianza na watoto, watatufundisha na sisi.