Somo la Mwezi: Kompyuta Moja kwa Nyumba Nzima

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu tuna watoto na jamaa walioko Bara kwa kazi na biashara, na siku hizi wamefika hata Shinyanga, Kahama na Geita, nchi ya almasi na dhahabu. Katika mikutano ya matawi twasikia khabari zao, na nyingi ni za daftari: kompyuta ya dukani imeibiwa, au imekufa, na madeni yote yaliyokuwamo yamekwenda nayo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Sasa daftari lenyewe limo ndani ya mashine, nalo laweza kupotea vivyo hivyo.

Kwa hiyo tumeona yafaa somo la mwezi huu liwe juu ya njia ya kuweka kazi zote za nyumba katika kompyuta moja iliyolindwa vyema, na watu wa nyumba waitumie kila mmoja kutoka chumba chake. Mfano wetu ni nyumba ya huko Geita, kwa kuwa ndiko maswali yalikotoka. Lakini kazi ni ile ile, hata iwe Wete au Mkoani.

NI KITU GANI?

Mkulima wa karafuu hahitaji kuwa na mizani kubwa shambani kwake. Huchuma, akachambua makonyo, akaanika majamvini, kisha akapeleka kituoni. Mizani ni moja na watu ni wengi. Huko Geita wachimbaji wadogo nao hufanya hivyo: kila kikundi kina shimo lake, lakini mawe hupelekwa kusagwa penye karasha linalotumiwa na wengi. Hakuna anayenunua karasha kwa kila shimo.

Kompyuta nayo yaweza kutumiwa kwa mtindo huo. Huwekwa kompyuta moja yenye nguvu, ambayo huitwa seva. Katika kila chumba huwekwa kiwambo, kibodi, kipanya na kijisanduku kidogo. Kijisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita thini-klayenti, kina kazi mbili tu: kupeleka kwenye seva yale yaliyoandikwa na vidole, na kuleta picha ya majibu juu ya kiwambo. Hesabu zote hufanywa na seva, na barua zote hukaa ndani ya seva.

Mtu akiingia kwa jina lake na neno lake la siri, hukuta meza yake ya kazi kama alivyoiacha jana, hata akiwa amekaa chumba kingine. Meza hiyo haimo katika kiwambo anachokitazama, bali imo katika seva. Ndiyo maana ikaitwa dawati pepe.

Wazo hili si geni. Mwezi wa Novemba 1961, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bwana Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha namna watu kadhaa wanavyoweza kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Siku zile sababu ilikuwa bei, kwani kompyuta ilikuwa ghali mno. Leo bei imeshuka, na mwaka 2012 Uingereza walitoa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa kama wa kadi, ambayo yaweza kufanya kazi ya kijisanduku. Lakini sababu nyingine za kutumia mtindo huu zimebaki, na huko kwenye machimbo zina uzito zaidi.

MFANO WA NYUMBA YA KATORO

Tuseme kuna bibi mmoja anakaa Katoro, mkoa wa Geita. Mbele ana duka la vifaa vya machimbo na viungo. Nyuma ni nyumba. Mumewe ana ofisi ndogo ya usafirishaji, stoo ina karani, na watoto wanasoma. Wanahitaji viwambo vinne. Tena dukani kuna mikopo, kwa kuwa mchimbaji mdogo aghalabu hulipa baada ya mawe yake kusagwa. Daftari likipotea katikati ya kungoja huko, hakuna wa kusema nani anadaiwa kiasi gani. Hapo ndipo ugomvi huanza, na udugu wa miaka mingi ukavunjika.

Bibi huyu atapata faida tatu.

Ya kwanza ni ulinzi. Mwizi huvunja duka, wala si chumba cha ndani. Akichukua kijisanduku, amechukua chombo cha bei ndogo kisicho na hesabu hata moja ndani yake. Kesho chaletwa kingine, na kazi yaendelea.

Ya pili ni vumbi. Shinyanga na Kahama ni nchi kavu, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara na la makarasha huingia kila mahali. Kompyuta ya kawaida ina feni inayolivuta vumbi hilo ndani. Vijisanduku vingi havina feni kabisa. Basi badala ya kusafisha mashine nne, atasafisha moja.

Ya tatu ni umeme. Kompyuta ya mezani hula kadiri ya wati 100, na kiwambo wati 20. Mashine nne na viwambo vyake ni wati 480. Kwa mtindo huu, seva ni wati 100, vijisanduku vinne kwa wati 10 kila kimoja ni 40, na viwambo ni 80. Jumla wati 220. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, tukiitumia nusu tu ili isiharibike, hutoa wati-saa 600. Kwa mtindo wa zamani umeme ukikatika betri hiyo hudumu kama saa moja. Kwa mtindo huu hudumu saa mbili na zaidi.

NAMNA YA KUFANYA

1. Seva. Watu wanne wa kazi za barua na hesabu wanahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi. Yafaa iwe na diski mbili zinazoandika mambo yale yale kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee.

2. Mahali pake. Iwekwe chumba cha ndani chenye kufuli, juu ya meza na si sakafuni, penye hewa. Iunganishwe na betri au kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla huweza kuharibu maandishi.

3. Nyaya. Kila kijisanduku kiunganishwe kwa waya wa mtandao hadi kwenye swichi, na swichi kwenye seva. Waya mmoja waweza kufika mita 100. Wai-fai hufanya kazi, lakini kuta na mabati huidhoofisha, na picha ikachelewa.

4. Programu. Kuna njia mbili. Ya kwanza, watu wote huingia katika mfumo mmoja, kila mtu na jina lake. Ndiyo nyepesi, na kwa nyumba yatosha. Seva yaweza kuwekewa Linux pamoja na programu iitwayo xrdp, na zote mbili ni bure. Ya pili, kila mtu hupewa mashine pepe yake mwenyewe ndani ya seva kwa programu kama Proxmox. Hiyo yataka kumbukumbu kubwa zaidi na fundi aliyezoea. Anayetaka kutumia Windows ajue kwamba Windows ya kompyuta za kawaida haikuwekwa kwa ajili ya watu wanne kuingia pamoja. Lipo toleo la seva, nalo lina leseni za kulipia kwa watumiaji.

5. Anwani. Seva ipewe namba ya anwani isiyobadilika, ili vijisanduku viijue siku zote.

6. Vijisanduku. Si lazima kununua vipya. Kompyuta kuukuu iliyochoka kwa kazi nyingine, ikiwekewa Linux nyepesi na programu ya Remmina, yafaa sana.

7. Majina. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Watoto wasiweze kufungua daftari la duka, wala karani asiwe na ruhusa ya kufuta.

Kazi za barua, hesabu na masomo zitakwenda vyema. Sinema na michezo ya picha za mwendo ni mzigo mzito kwa mtindo huu.

SEVA IKAE NYUMBANI AU IKODIWE MBALI?

Yako makampuni yanayokodisha dawati pepe, na seva zao ziko nchi za mbali. Mtu halazimiki kununua seva, lakini kazi yake yote hutegemea intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, mwenye dawati la kukodi nje hukaa akitazama kiwambo kitupu. Bibi wetu wa Katoro, ambaye seva yake iko chumba cha pili, angeendelea kuandika mikopo kama kawaida. Kwa biashara ya duka twaona seva ya nyumbani ni bora.

Ikiwa jamaa wa huku Kisiwani anataka kutazama hesabu kutoka mbali, mlango wa seva usiachwe wazi kwenye intaneti hata siku moja. Wezi wa mitandao huzunguka mchana na usiku wakijaribu milango ya namna hiyo. Fundi aweke kwanza njia ya siri, kama ile ya WireGuard, na watu wapite humo.

KUTEGEMEA KITU KIMOJA

Kila jambo lina upande wake wa pili. Waunguja hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, walipokaa gizani miezi mitatu kwa hitilafu ya njia moja ya umeme wa kutoka Bara. Seva nayo ni njia moja. Ikifa, viwambo vyote vinne huzimika pamoja. Asiyekuwa tayari kwa siku hiyo, heri abaki na mashine zake za zamani.

Kujitayarisha si kugumu. Daftari liwe na nakala tatu: moja ndani ya seva, ya pili katika diski ya pembeni inayochomolewa na kufungiwa kabatini, na ya tatu nje ya nyumba, kwa jamaa wa kuaminika. Diski mbili zilizomo ndani ya seva hazihesabiwi kuwa nakala mbili, kwa kuwa mwizi au moto huzichukua zote. Kila mwezi nakala moja ifunguliwe na kusomwa. Nakala isiyopata kujaribiwa ni kama gunia lililofungwa ambalo hujui kama ndani mna karafuu au makonyo. Tena yafaa kuweka kompyuta moja kuukuu pembeni, itakayoshika kazi ya daftari seva ikiwa kwa fundi.

Na mtu aliye peke yake, mwenye kazi ya kompyuta moja tu, asihangaike na haya yote. Anunue kompyuta ya mkononi, aitunze, na aweke nakala zake kama tulivyosema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Daftari la tawi letu liko wapi usiku wa leo, na nakala yake iko kwa nani?
2. Ikiwa mashine ya tawi itaibiwa kesho, ni mambo gani hatutaweza kuyajua tena?
3. Je, tawi letu lina watumiaji wa kutosha kufaa seva, au lahitaji nakala tu?

Matawi yaandike majibu yao, hasa la swali la pili, na kuyaleta ofisini kabla ya msimu wa kuchuma kuanza.

Wassalaam,
Katibu